Kofi la Kila Alhamisi

Kila Alhamisi, mara tu baada ya sala ya isha, dada mtu alifungua friji, akatoa trei ya barafu, akaigonga ukingoni mwa sinki mpaka vipande vikaachia, kisha akavifunga ndani ya taulo dogo la rangi ya maziwa. Taulo hilo aliliweka juu ya kigoda, upande wa kushoto wa kiti cha mdogo wake, kwa sababu Bwana Mkubwa alipiga kwa mkono wa kulia. Halafu alimfunika mama yao miguu, akafunga dirisha, akaketi. Runinga ya nyumba ile haikuwashwa. Iliyowashwa ni ya jirani, mke wa fundi saa, na kwa kuwa ukuta baina yao ulikuwa mwembamba, muziki wa kufungulia tamthilia waliusikia wote isipokuwa mama, ambaye masikio yake yalikuwa yameshastaafu.

Mdogo mtu alikaa wima, mikono juu ya magoti, mfano wa mtu anayengoja sindano. Tamthilia ilipofika katikati, sauti nene ilisikika ukutani ikiuliza kama ile ndiyo chai ya kumpa mtu mwenye akili zake. Uso wa mdogo mtu ukageuka ghafla kuelekea kulia, ilhali mbele yake hapakuwa na kiumbe, na alama za vidole vinne zikajichora kwenye shavu lake la kushoto. Nyuma ya ukuta watu wakaangua kicheko. Dada mtu akamkabidhi taulo.

"La leo je?"

"Zito kuliko la wiki jana."

"Watu wamerudi kutoka likizo," akasema dada mtu, maana shule zilikuwa zimefunguliwa na familia nyingi zilikuwa zimerejea mjini.

Uigizaji wa mdogo mtu ulikuwa wa muda mfupi mno. Kazi yake hasa ilikuwa kupiga pasi katika duka la dobi, nyuma ya kaunta, mahali ambapo mvuke ulimlainisha uso na kumchosha magoti. Alikuwa mjane asiye na mtoto, wa umri ule ambao watu huanza kumwita mtu mama bila ya kuuliza. Siku moja alitumwa kupeleka mavazi ya waigizaji studio. Kanzu moja ilikuwa imeungua kidogo ukosini, na alipomkabidhi mwongozaji wa tamthilia, aliinamisha macho na kusema samahani kabla hajaulizwa chochote. Mwongozaji alimtazama kwa muda. Alimwomba aseme tena vilevile. Kisha akamwomba aseme mbele ya kamera, akiwa ameshika sinia la chai badala ya kanzu.

"Macho yako yanajua kuinama," alimwambia. "Hilo halifundishwi chuoni."

Akapewa nafasi ya mtumishi wa nyumbani. Mwandishi wa tamthilia hakumpa mtumishi huyo jina, kwa kuwa hakuna mhusika yeyote aliyepata haja ya kumwita. Alileta chai, chai ikawa ya moto mno au baridi mno, bwana wa nyumba akamzaba kofi, naye akasema samahani. Watazamaji ndio waliompa jina. Walimwita Bi Samahani, na jina hilo likamshika hata nyumbani kwake, hata dada yake alipokuwa na mzaha akamwita hivyo.

Tamthilia yote ilirekodiwa kwanza, ikarushwa hewani baadaye. Jumba lililotumika lilikuwa la mfanyabiashara aliyesafiri, na kwa kuwa angerudi karibuni na kuzihitaji ngazi zake, yote yanayohusu ngazi yalirekodiwa mwanzo. Kwa sababu hiyo Bi Samahani alikufa siku yake ya kwanza kazini. Bwana wa nyumba alimsukuma kutoka juu pamoja na sinia lake, akaanguka juu ya magodoro yaliyopangwa nje ya jicho la kamera. Kisha akalazwa sakafuni chini ya ngazi, na fundi wa mapodozi akammiminia sharubati nyekundu kisogoni. Mwongozaji alipiga makofi.

"Umekufa vizuri, mama. Kesho uje mapema tuanze kuishi."

Wote walicheka, na yeye alicheka pamoja nao, kwa kuwa maneno yenyewe yalichekesha na sharubati ilikuwa ikimtekenya shingoni.

Makofi nayo yalikuwa ya uongo. Mwigizaji mkuu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Mkubwa, alikuwa mtu mpole mwenye maumivu ya mgongo. Alipitisha kiganja chake hewani karibu na shavu, na fundi wa sauti, aliyechutama nyuma ya kochi, akapiga ndala kwa ndala. Kila baada ya kofi Bwana Mkubwa aliuliza, "Sijakugusa, mama?" na kila mara alijibiwa kwamba hakugusa. Kazi ilipokwisha Bi Samahani alilipwa, akashukuru, akarudi kwenye pasi yake.

Sehemu ya kwanza iliporushwa, alikuwa amealikwa kwa mke wa fundi saa, ameketi katikati ya wanawake wa mtaa ambao walikuwa wamevaa vizuri kwa heshima yake. Ndipo kofi lilipofika. Lilitoka runingani kwa upole, likapita juu ya meza ya vikombe, likamtandika. Wanawake walilitazama shavu lake, wakaitazama runinga, wakakubaliana kwamba sasa wameelewa kwa nini lilionekana la kweli. Mke wa fundi saa alimletea maji.

Alikwenda kwa daktari. Daktari alilibonyeza shavu, akamwambia afumbue kinywa, akamwandikia marhamu. Kisha, akiwa ananawa mikono, alimwuliza kama yule bwana angekamatwa mwishoni, kwa sababu mkewe alikuwa akimsumbua kwa swali hilo.

Baada ya wiki kadhaa kanuni ya jambo hilo ilijulikana bila kufundishwa na mtu. Uzito wa kofi ulilingana na idadi ya runinga zilizowashwa. Ile Alhamisi umeme ulipokatika upande wa kusini wa mji, kofi lilikuja jepesi kama la mtoto aliyeudhika. Ile Alhamisi ya fainali ya mpira, halikuwa kofi bali kama kuguswa na jani. Kuizima runinga ya nyumbani kwake hakukufaa kitu, maana si yeye aliyekuwa akijitazama.

Kadiri wiki zilivyokwenda, makofi yaliongezeka uzito, kwa sababu tamthilia ilipendwa, na kilichopendwa zaidi ndani yake kilikuwa yeye. Sokoni vijana waligeuza shavu walipomwona na kusema samahani kwa sauti nyembamba. Wateja wa dobi walimwomba awasemee neno lile, walau mara moja, kwa ajili ya watoto waliokuwa garini. Alisema. Katika nyumba nyingi wanawake wenye uwezo walianza kuwaita watumishi wao wote Bi Samahani, na watumishi wakaitika. Ikawa mtu akiletewa chai mahali popote, husema kwanza kwamba ni ya moto mno, kisha huinua mkono, na waliopo wakacheka kabla hajaushusha.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba yeye alijua mwisho na wao hawakuujua.

Hofu ilimwingia taratibu, kama unyevu unavyoingia ukutani. Kwanza aliacha kupanda ngazi. Mteja aliyeishi ghorofani aliletewa nguo mpaka mlangoni tu, akaambiwa ateremke. Halafu akaanza kuunguza. Aliunguza shati la karani wa benki, akaunguza shela ya bibi harusi, na kila harufu ya kuungua ilipompanda puani, aligutuka akaona kwamba mkono wake ulikuwa umesimama palepale kwa muda naye hana habari. Usiku alipogeuka kitandani, alishika ukingo wa godoro kwa mikono miwili. Sijida zake zilirefuka. Mama yake, ambaye hakusikia neno lakini aliona kila kitu, alimwambia dada mtu kwamba mdogo wake anasali kama mtu anayefunga mizigo.

Mdogo mtu alimwambia dada yake siku moja walipokuwa wakianika nguo.

"Dada, sehemu ya mwisho ananisukuma ngazini."

Dada mtu alishika kibanio mkononi asikibane. "Ngazi ndefu?"

"Za jumba la kitajiri."

"Na mwisho wake?"

"Hakuna mwisho wake. Nakufa."

Dada mtu akabana nguo ile, akachukua nyingine. Akasema kwamba kesho watakwenda pamoja kituo cha runinga, kwa mwongozaji.

Mwongozaji aliwapokea vizuri. Aliwaketisha, akaagiza chai, akajizuia kusema lolote kuhusu joto lake. Alikuwa na habari za makofi, kama watu wote, na alimpa pole kwa dhati. Bi Samahani alimweleza haja yake, macho yake yakiwa chini, kwamba anaomba anguko lile lisirushwe. Mwongozaji alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba kampuni ya sabuni imeshanunua matangazo ya sehemu hiyo, jambo ambalo angeweza kulizungumza nao; lakini tatizo halikuwa sabuni.

"Anguko ndilo lililobeba tamthilia nzima, mama. Tukiliondoa, watu watajuaje kwamba yule bwana ni mtu mbaya?"

"Ananipiga tangu sehemu ya kwanza. Hawajajua?"

Mwongozaji alikuna kidevu. Hakuwa mtu mwovu, na swali lile alilipima kwa haki kabla ya kulijibu.

"Hapana," akasema. "Hapo wanacheka."

Dada mtu alitaka kusema neno, mdogo wake akamgusa goti. Waliinywa chai yao yote kwa adabu, wakaaga.

Kutoka hapo walikwenda kwa Bwana Mkubwa. Walimkuta ukumbini kwake amelala kifudifudi juu ya mkeka, akinyoosha mgongo. Alijikongoja akasimama, akaomba radhi kwa hali aliyokutwa nayo. Tangu tamthilia ianze, alieleza, wanaume wasiomjua humsimamisha njiani wakataka kuushika mkono wake wa kulia, tena huushika kwa muda mrefu, na jambo hilo lilimtia haya kidogo, ingawa si sana. Bi Samahani alimwuliza kama angeweza kufanya lolote.

"Nifanye nini, mama?" akasema, kwa sauti ile nene iliyomfanya dada mtu ajikunyate kwenye kiti. "Sasa hivi ningekuwa nakupiga, ningeacha. Lakini mimi nilishakupiga zamani. Sasa wanaokupiga ni wao."

Aliwasindikiza hadi nje ya geti, akamwombea kwa Mungu, na aliporudi ndani alifunga mlango polepole kama mtu anayemwacha mgonjwa.

Basi wakawaendea wao. Dada mtu alivaa viatu vya kutembelea, mdogo mtu akaomba ruhusa dukani, wakaanza na nyumba ya jirani. Walipiga hodi, wakaketi, wakaulizana hali, kisha Bi Samahani akasema maneno yaleyale kila mahali: kwamba Alhamisi ijayo, katika sehemu ya mwisho, atasukumwa ngazini afe, kwamba lau runinga zitawashwa, atakufa, na kwamba anaomba, kwa hisani yao, wasiziwashe. Hakuna aliyemkatalia. Mke wa fundi saa alilia, akamshika mikono yote miwili.

"Shoga yangu, hata waya nitauchomoa. Mimi ni wa kukuua wewe?"

Katika nyumba zote walizoingia waliahidiwa hivyohivyo. Baadhi ya wenyeji waliapa bila kuombwa. Wengine waliuliza, kwa sauti ya chini na kwa huruma, anguko lenyewe lilikuwaje, na je, bibi wa nyumba alikuwepo akaona? Bi Samahani aliwajibu, kwani aliona si adabu kumwomba mtu hisani kisha ukamnyima jibu. Imamu wa mtaa naye alipopata habari, alisimama baada ya sala ya Ijumaa, akawaambia watu kwamba kuna nafsi imewekwa mikononi mwao, kila mmoja amebeba sehemu yake ndogo, na asiiangushe. Watu walitoka wakiwa wanyonge. Maneno yake yalivuka mtaa ule yakaingia mitaa mingine, yakasomwa redioni, yakajadiliwa maofisini. Watu ambao hawakuwahi kuitazama tamthilia hata mara moja walipata kuijua siku na saa yake. Kituo chenyewe, ambacho hakikuwa na kinyongo na mtu, kilianza kuitangaza kama sehemu ambayo mji mzima umeombwa usiitazame.

Hofu ilikuwa bado, lakini ilibadilika ladha. Kwa siku chache Bi Samahani aliweza kula. Alipiga pasi bila ya kuunguza. Jumatano jioni alimsuka mama yake nywele, na mama akamwuliza, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, kwa nini vidole vyake ni baridi hivyo. Alimjibu kwa ishara kwamba ametoka kufua.

Alhamisi dada mtu hakutoa barafu. Aliyakusanya magodoro yote ya nyumba, akaazima na mengine, akayatandaza sakafuni mpaka sebule ikawa haina mahali pagumu. Nyumba yao ilikuwa ya chini, isiyo na kidato hata cha kuingilia mlangoni. Mama alikaa pembeni, miguu juu ya godoro, akimtazama mwanawe. Dada mtu alifungua dirisha safari hii, ili asikilize.

Mtaa ulikuwa kimya. Muziki wa kufungulia tamthilia haukusikika ukutani wala kwingineko. Dada mtu alitoa kichwa nje, akasikiliza kulia na kushoto, akarudi na uso wenye nuru.

"Wametimiza," akasema. "Hata kwa fundi saa hapasikiki kitu."

Mdogo wake alionyesha nje kwa kidole. Alikuwa akiyatazama mapazia ya nyumba ya pili. Yalikuwa yamefungwa, na nyuma yake mwanga wa samawati ulikuwa ukichezacheza, ukififia na kung'aa, kama unavyofanya mwanga wa runinga iliyozimwa sauti. Nyumba ya tatu ilikuwa vivyo hivyo. Hata upande wa pili wa barabara, madirisha yote yalikuwa yakipepesa pamoja.

Hawakumkusudia ubaya. Kila mmoja, katika nyumba yake, alikuwa ameshikwa na wasiwasi juu yake. Kila mmoja aliwaza kwamba wenzake wote wametimiza ahadi, hivyo runinga moja haiwezi kumdhuru mtu, uzito wake ni wa nzi anayetua. Na kwamba ni afadhali mtu amtazame yule maskini, ajue kama yu salama, kuliko kumwacha peke yake katika saa kama ile. Waliosali walishika tasbihi mbele ya kioo. Mke wa fundi saa aliuchomeka tena waya, akazima sauti ili asimwudhi jirani yake, akatazama huku amejiziba mdomo kwa kanga. Na kwa kuwa habari ilikuwa imefika hata kwa wale wasiokuwa na hamu ya tamthilia, walitazama na wao, kwa wasiwasi uleule. Haijapata kutokea runinga nyingi namna ile kuwashwa kwa wakati mmoja katika mji ule.

"Dada," akasema Bi Samahani. "Wamefungua. Wote."

"Pengine wachache tu."

"Nahisi macho yao. Hayajapata kuwa mengi hivi. Mikono inaniungua, nimeshalishika sinia."

Mikono yake ilikuwa imeinuka mbele yake, viwiko vimekunjwa, vidole vimeshika kitu kisichoonekana. Alikuwa akitetemeka, na dada yake, aliyekuwa amemkumbatia kiunoni, alisikia vikombe vikigongana. Dada mtu alipiga kelele dirishani kuwaambia wazime. Pazia la jirani likatikisika, likatulia. Mwanga haukuzimika.

"Nishike," akasema mdogo mtu.

"Nimekushika."

"Nishike zaidi, dada. Naogopa."

Dada mtu akamshika kwa nguvu zote alizojaaliwa, lakini Bi Samahani aliinuka kutoka mikononi mwake bila kumponyoka, kama mtu apandaye ngazi kwa hadhari akichunga asimwage. Miguu yake ilifika usawa wa juu ya dirisha. Hapo akasimama, kofi lake la kawaida likamgeuza uso. Aliinamisha macho na kusema neno lake, na mara hiyo hapakusikika kicheko popote. Kisha akasukumwa. Aliteremka sebuleni kidato kwa kidato, na kila kidato kilisikika. Magodoro hayakusaidia, kwa sababu hakuyafikia mpaka mwisho, wakati ambapo hakukuwa na haja nayo tena.

Daktari alikuja, akapima, akasema ni kuanguka ngazini. Hakuuliza ngazi zilikuwa wapi.

Mazishi yalihudhuriwa na watu wasio na idadi. Wanawake walijaa nyumbani mpaka barabarani, wakilia kilio cha kweli, macho yamewavimba. Mmoja alisimulia jinsi marehemu alivyojaribu kuushika ukingo wa ngazi kwa mkono wa kushoto asiuwahi. Mwingine akamsahihisha, akasema kwa mkono wa kulia, kwani wa kushoto ulikuwa bado na sinia. Wa tatu alisema kilichomuumiza yeye ni kile kiatu kilichobaki kidatoni peke yake. Dada mtu, aliyekuwa ameketi ukutani, alizisikiliza habari hizo za mahali ambapo yeye alikuwepo na hakuona ukingo wala kiatu.

"Nani hapa hakutazama?" akauliza.

Mke wa fundi saa alizipanga ncha za kanga yake mapajani. Mama, ambaye hakusikia swali lakini aliona midomo, aliinua uso.

"Mimi," akasema. "Mimi nilikuwa namtazama yeye."

Watu waliinama. Kilio kikaanza upya, kwa sauti ya juu kuliko mwanzo, na baada ya kilio kupoa ikaletwa chai. Hapo ndipo mmoja wao, kwa unyenyekevu mkubwa na baada ya kuomba radhi, aliuliza kama kuna anayejua yule bwana alikamatwa au la. Ikabainika kwamba hakuna ajuaye. Wote, kwa uchungu, walizima runinga zao mara tu mtumishi alipofika chini. Jambo hilo liliwasumbua. Walisema kwamba haki ya marehemu ni kujua kama muuaji wake alitiwa mbaroni, na kwamba asiyetaka kujua hilo hana utu. Wengine waliotoka pale walikwenda moja kwa moja kupiga simu kituoni.

Kituo kilikubali. Kilitoa salamu za rambirambi, kikatangaza kwamba Alhamisi, kwa kumuenzi, sehemu ya mwisho itarudiwa.

Siku hiyo dada mtu hakwenda kwa mwongozaji wala hakupiga hodi kwa mtu. Alimwachia mama chakula, akachukua mswala, akaenda makaburini. Mlinzi, aliyekuwa akijiandaa kwenda kutazama kwa bawabu wa jirani, alimfungulia geti bila kumwuliza neno, akamwambia arudishe komeo akitoka. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujashikana. Dada mtu alitandika mswala pembeni, akasali isha, kisha akakaa na kuweka viganja vyake vyote viwili juu ya udongo.

Safari hii sauti hazikuzimwa, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwudhi. Kutoka nyumba za nyuma ya ukuta wa makaburi muziki ulisikika, na baadaye sauti nene ikauliza kuhusu chai. Akahisi udongo ukitikisika mara moja, upande wa kushoto. Nyumba zile zikacheka, kwa mazoea. Kisha ukatikisika tena na tena, kutoka kichwani kwenda miguuni, kwa mpangilio, kidato kwa kidato, mpaka ukakoma. Alisubiri. Muda si mrefu akasikia vifijo na makofi katika nyumba zote kwa pamoja, akajua kwamba yule bwana amekamatwa.

Alisawazisha udongo pale ulipopasuka. Alijifunga ushungi vizuri, akainuka nusu, kisha akakaa tena na kurudisha viganja mahali pake, maana mtangazaji alikuwa akiwaambia watazamaji, kwa sauti ya furaha, wasiondoke, kwa kuwa kutokana na maombi yao tamthilia ingeanza upya, tangu sehemu ya kwanza, mara tu baada ya tangazo la sabuni.